Bunduki za Kale za Wenzo: Dalili, Visababishi na Mahali pa Kusimama

Maswali ya watu wanaoanza kukusanya Winchester na Marlin za kale, bunduki za Marekani zinazopakiwa kwa wenzo, ule mkono wa chuma ulio chini unaoshushwa na kupandishwa, hujirudia. Ndani ya mtutu kumekuwa cheusi. Wenzo unacheza. Rangi inang'aa kupita umri wa bunduki. Namba haipatani na maneno ya muuzaji. Ninakusanya bunduki hizi hapa Marekani, na jambo lililonigharimu zaidi kujifunza ni kwamba majeraha mengi hayaletwi na miaka. Huletwa na mikono ya waliotaka kuzitibu. Kwa hiyo katika kila dalili hapa chini, hatua ya kwanza ni kutazama, ya pili ni mafuta na kitambaa, na tupa, msasa na mashine ya kung'arishia havimo kabisa.

Kabla ya dalili yoyote: je, ina risasi?

Nyingi ya bunduki hizi zina magazini ya bomba, ile iliyolala chini ya mtutu, na bomba hilo huficha risasi kwa miaka mingi. Elekeza mtutu upande usio na mtu. Shusha wenzo mpaka mwisho. Tazama chemba, pale risasi inapokaa ili ifyatuliwe, kisha ingiza kidole uipapase, kwa sababu ganda lililoshika kutu hufanana na chuma kinacholizunguka. Halafu chungulia mdomo wa magazini mpaka ukione kisukumio, kile kipande kinachosukumwa na springi. Usipokiona, huenda kumekwama risasi nyuma ya mahali bomba lilipobonyea.

Mwaka 2014 ilipatikana Winchester ya modeli ya 1873 imeegemezwa kwenye mti jangwani, katika hifadhi ya Great Basin, Nevada. Chemba haikuwa na kitu. Lakini ilipopigwa eksirei huko Cody, Wyoming, risasi moja ilionekana imelala ndani ya kitako, kwenye tundu la kuwekea fimbo ya kusafishia. Fungua kifuniko cha tundu hilo pia.

Simama hapa ukikuta risasi imekwama. Usiisukume kwa fimbo kutoka mdomoni mwa mtutu wala usiigonge. Mpelekee fundi wa bunduki na umweleze kabla hujaingia mlangoni kwake.

Dalili: ndani ya mtutu ni cheusi

Hili ndilo lalamiko la kwanza la kila mtu. Weka karatasi nyeupe kwenye chemba iliyo wazi, imulike kwa tochi, kisha tazama kutoka mdomoni. Mifereji ya mzunguko ikionekana hata kwa uhafifu, una bahati.

Kisababishi cha kawaida kuliko vyote ni uchafu tu: mafuta yaliyoganda, masizi, vumbi, na risasi ya madini iliyojipaka kwenye kuta za mtutu. Nimeona mitutu iliyotajwa kuwa imekufa ikaamka baada ya siku tatu za subira. Jaza mafuta mepesi ya kupenya, acha usiku kucha, pitisha brashi ya shaba mara chache, kisha vitambaa mpaka kimoja kitoke kisafi. Tumia kikingio cha mdomoni ili fimbo isisugue kuta, kwa sababu karibu bunduki zote hizi husafishwa kutokea mbele. Komeo, kile kipande kinachofunga chemba kwa nyuma, pamoja na mwili wa bunduki huziba njia ya nyuma.

Kisababishi cha pili ni vishimo vya kutu. Baruti nyeusi huacha masizi yanayovuta unyevu, na fataki za zamani, vile vidonge vya kuwashia baruti, ziliacha chumvi inayokula chuma. Mwindaji aliyerudi jioni amechoka, akalala bila kupitisha maji ya moto na mafuta, aliamka mtutu umeanza kuharibika. Vishimo haviondoki. Mtu akikuahidi kuviondoa, anakuahidi kukwangua chuma. Katika Winchester ya 1873 ya kaliba (aina na kipimo cha risasi) .44-40, vishimo vya wastani vyenye mifereji iliyo hai ni hali ya kutarajiwa, navyo visikuvunje moyo.

Kisababishi cha tatu hakionekani upesi: mdomo uliolika. Ndani kuna mifereji mizuri, lakini inchi moja ya mwisho imekuwa laini kwa sababu ya miaka mingi ya fimbo ya chuma bila kikingio. Chomeka risasi ya mfano mdomoni. Ikizama yote hadi kwenye ganda, mdomo umekwisha.

Kisha kuna mtutu ambao ni mzuri mno. Chunguza mdomo kwa lenzi. Ukiona duara jembamba kama mshono ndani ya chuma, mtutu umetobolewa na kuvishwa bomba jipya. Kwa mpiga shabaha si vibaya. Kwa mkusanyaji ni badiliko kubwa, na muuzaji aliyelinyamazia amekuficha jambo.

Simama ukiona pete nyeusi, kivuli cha mviringo mahali pamoja tu. Hiyo kwa kawaida ni uvimbe wa mtutu, ulioachwa na risasi iliyofyatuliwa wakati kuna kizuizi mbele yake. Pitisha kidole nje uone kama kuna mwinuko. Bunduki hiyo haifyatuliwi tena, hata fundi akisema "kidogo tu".

Dalili: wenzo unacheza, au haufungi hadi mwisho

Anza na mambo mepesi. Wenzo usiofunga mara nyingi umezuiwa na mafuta yaliyoganda kama gundi, au skrubu iliyokazwa kupita kiasi na mtu aliyeshika bisibisi isiyo saizi yake. Tazama vichwa vya skrubu: mifereji iliyochanika inakuambia kuwa mtu amefungua. Tone la mafuta ya kupenya kwenye kila kiungio, siku mbili za kungoja, kisha jaribu bila kulazimisha.

Wenzo unaolegea ukiwa umefungwa mara nyingi umepoteza nguvu ya kikamatio au springi yake. Hili halina hatari na hurekebishika. Uchakavu wa pini ni jambo zito zaidi, na hapa aina ya bunduki ina maana kubwa. Henry ya 1860, Winchester ya 1866, ya 1873 na ya 1876 hufunga komeo kwa viungo viwili vinavyonyooka kama goti. Goti likilika kwenye pini zake, komeo husogea nyuma. John Browning aliliacha goti hilo alipobuni Winchester ya 1886: akaweka vipande viwili vya chuma vinavyopanda wima na kulizuia komeo, na mpango huohuo akaupunguza ukubwa kwa ajili ya ile ya 1892. Kwa hiyo mchezo uleule wa wenzo, unaoweza kuvumilika kwenye 1892, kwenye 1873 unakutaka uulize maswali zaidi.

Kipimo cha nyumbani: funga wenzo, hakikisha chemba haina kitu, sukuma uso wa komeo kwa kijiti cha mbao kutoka mbele. Likirudi nyuma waziwazi, kuna nafasi isiyotakiwa.

Kipimo cha kweli ni geji za chuma za kaliba husika, nazo ziwe mikononi mwa fundi. Simama hapo. Usijaribu kwa kufyatua.

Dalili: kifyatulio hakivutiki

Kabla hujafungua chochote, bana wenzo kwa nguvu kwenye shingo ya kitako. Winchester ya 1873 na ya 1894 zina kizuizi kinachokataza kifyatulio kusogea mpaka wenzo uwe umebanwa kabisa. Watu wamelipia matengenezo kwa sababu ya kitu kinachofanya kazi yake vizuri kabisa.

Kinyume chake ndicho kibaya. Ikiwa kifyatulio kinavutika wakati wenzo uko wazi, kizuizi kimeondolewa au kimevunjika. Na ikiwa nyundo haishiki kwenye kituo cha nusu, yaani ukiiweka hapo kisha ukaisukuma kwa kidole gumba inaanguka, jino limevunjika. Kwenye bunduki isiyo na usalama mwingine wowote, kituo hicho ndicho kilichokuwa ulinzi wote wa mwenye nayo. Nyundo isiyoshika haina tiba ya nyumbani. Usichonge jino kwa tupa. Kila anayechonga hukata ile ngozi ngumu ya chuma, na chini yake ni laini. Fundi, au iachwe ukutani.

Dalili: risasi haipandi au ganda halitoki

Hapa sitakaa sana. Tumia risasi za mfano zisizo na baruti, kamwe zisiwe za kweli sebuleni. Sababu kwa mpangilio: uchafu kwenye kipandishi, kile kipande kinachoinua risasi hadi chembani, springi ya magazini iliyochoka, bomba lililobonyea, kulabu ya kutolea ganda iliyokatika ncha. Bunduki ya 1873 ina kipandishi cha shaba kinachotaka risasi ya urefu kamili; risasi fupi huiruhusu inayofuata kuingia nusu na kuzuia kila kitu. Springi na kulabu mpya zinapatikana, lakini zihifadhi zile za zamani kwenye bahasha yenye maelezo. Mnunuzi wa baadaye atakushukuru.

Dalili: rangi ni nzuri kupita kiasi

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Marlin yangu ya kwanza, ya 1893, niliinunua usiku, chini ya taa za manjano, kwa sababu iling'aa. Asubuhi, dirishani, nilisoma maandishi ya mtutu nikaona herufi zimelala kama zimechorwa kwenye sabuni. Ilikuwa imesuguliwa na kupakwa rangi upya.

Namna ya kutambua ni kusoma chuma chenyewe. Kingo za mtutu wa pembe nane ziwe kali kiasi cha kuzihisi kwa ukucha. Zikiwa za mviringo, zimepita kwenye gurudumu. Tundu za skrubu zisiwe na bonde kuzizunguka. Herufi ziwe na kuta zilizosimama. Tafuta rangi ndani ya vishimo vya kutu, maana chuma kilichoshika kutu kisha kikawa cheusi ndani ya kishimo chenyewe kimepakwa baada ya kutu. Tena, angalia rangi ya zambarau mahali ambapo sehemu nyingine ni nyeusi.

Kuna hali moja inayowatisha watu bure. Mtutu una buluu nzuri, ilhali mwili wa bunduki umebanduka na kubaki kijivu, vipande vipande. Mtu anadhani mtutu umebadilishwa. Kwa Winchester za miaka ya mwanzo ya karne ya 20 hali hiyo ni ya kawaida: buluu haikushika vizuri kwenye chuma cha mwili. Mwili wenye buluu kamili kwenye bunduki ya umri huo ndio unaostahili kuchunguzwa kwanza.

Rangi za madoadoa za chuma kilichopikwa kwenye makaa ya mifupa, zile za buluu na kahawia na kijivu kama mafuta juu ya maji, huonekana kwenye nyundo na wenzo wa Winchester ya 1873, na kwenye mwili wa Marlin nyingi za zama hizo. Jua na jasho huzifuta. Zitafute zilipojificha: pembeni mwa nyundo, chini ya kilengeo cha nyuma. Zikiwa nje ni kali na pale palipofichika hakuna kitu, zimetengenezwa upya. Michirizi sambamba ya upinde wa mvua huwa ni kazi ya moto wa gesi.

Vipi kama rangi imekwisha yote na chuma ni kahawia iliyotulia? Basi una bunduki ya kweli. Vigezo vya NRA, chama cha wenye bunduki cha Marekani, kwa silaha za kale huruhusu bunduki yenye rangi ya kiwandani chini ya asilimia 30, au isiyo na rangi hata kidogo, kuwekwa daraja la uzuri mwingi, mradi vipande vyake vyote ni vya asili. Uasili hutangulia mng'ao. Usimruhusu mtu akupakie rangi.

Dalili: kutu

Futa kwa kitambaa cheupe. Kahawia isiyotoka ni rangi ya uzee, iache. Unga mwekundu unaopaka kitambaa ni kutu iliyo hai, nayo inaendelea kula. Paka mafuta mepesi, acha siku, kisha kwangua taratibu kwa ukingo wa sarafu ya shaba au sufi ya shaba. Stilwaya ya jikoni itaondoa kutu pamoja na kila kilichobaki cha kiwandani. Maliza kwa nta ya aina inayotumika makumbusho, na shika kwa glavu baada ya hapo.

Usiihifadhi ndani ya mkoba wa ngozi. Ngozi huvuta unyevu na ina chumvi zake. Anayeishi pwani, awe Mombasa au Maskati, anajua hewa ya bahari inavyokula hata kufuli ya mlango.

Dalili: kitako kina ufa, au hakikai vizuri na chuma

Pitisha kidole mpakani mwa mti na chuma. Kiwandani, mti uliachwa juu kidogo kuliko chuma. Mti ulio chini ya chuma, ukawa na ngazi ya kushuka, umepigwa msasa, na hakuna tiba ya mti uliokwisha kuondolewa. Huu ni uchunguzi wa sekunde mbili na unaeleza mengi kuliko picha kumi.

Nyufa huanzia nyuma ya ulimi wa chuma, ile sehemu ya mwili inayoingia kwenye kitako, pale shingoni. Chanzo cha kwanza ni skrubu iliyolegea inayoruhusu chuma kupiga mti. Cha pili ni mafuta: bunduki iliyosimamishwa wima kwa miaka hushusha mafuta kwenye mti mpaka unakuwa mweusi na laini. Cha tatu ni kuanguka. Ufa mdogo uliotulia uachwe na skrubu ikazwe kwa upole. Ufa unaofunguka ukibonyezwa uende kwa fundi wa mbao anayejua kazi za kale, na mwambie mapema asiguse uso wa nje.

Ile bunduki ya Nevada mti wake ulikuwa umekauka, umepasuka na kuwa kijivu, na sehemu ya chini ya kitako ilizikwa udongoni. Wahifadhi wa makumbusho ya silaha ya Cody wangeweza kuifanya mpya. Waliimarisha mti usiendelee kubanduka, wakaishia hapo. Nikitaka kuamua kama nitengeneze kitu, huikumbuka hiyo.

Dalili: mtutu unaonekana mfupi

Pima: funga wenzo, ingiza kijiti mpaka kiguse uso wa komeo, weka alama mdomoni. Karabini, yaani bunduki fupi, za Winchester za 1873, 1892 na 1894 kwa kawaida zina inchi 20. Bunduki ndefu za 1873 na 1892 zina 24, na ya 1894 ina 26. Urefu wa katikati unaweza kuwa oda maalumu, kwani kiwanda kilipokea oda za aina nyingi, lakini mara nyingi zaidi mtu amekata. Angalia kama kilengeo cha mbele kimekaa karibu mno na mdomo, na kama bomba la magazini nalo lina alama za msumeno.

Simama ukipata chini ya inchi 16. Hapa Marekani mtutu mfupi hivyo huibua suala la sheria ya shirikisho, na swali liende kwa mwanasheria kabla hujalipa.

Dalili: mwaka, kaliba au namba havipatani na maelezo

Kosa la kawaida ni dogo: jina la modeli si mwaka wa kutengenezwa. Winchester ya 1894 iliendelea kutengenezwa kwa zaidi ya karne moja, kwa mamilioni. Sheria ya shirikisho ya Marekani huhesabu silaha kuwa ya kale ikiwa imetengenezwa mwaka 1898 au kabla, basi namba ndiyo inayosema, si modeli. Kwenye 1873 namba iko kwenye ulimi wa chini. Kwenye 1892 na 1894 iko chini ya mwili, upande wa mbele. Na ukiwa Kenya au Tanzania usidhani msamaha huo wa Marekani unakufuata. Uliza mamlaka za silaha kabla hujanunua chochote.

Kaliba nayo hushuhudia. Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, alishuka Mombasa mwaka 1909 na Winchester ya 1895 ya kaliba .405, na tangu hapo wauzaji hupenda kuitaja. Kaliba hiyo ilitoka 1904. Mtu akikuuzia 1895 ya .405 kwa madai kuwa ni ya mwaka 1898, mtutu au maelezo yamebadilishwa. Kwenye 1873, soma kaliba chini ya kipandishi cha shaba kisha juu ya mtutu. Zikitofautiana, vipande vimechanganywa.

Kisababishi cha nadra zaidi, ila ghali kuliko vyote, ni maandishi ya kughushi. Winchester za 1873 zilizoandikwa "One of One Thousand", yaani moja kati ya elfu, zilitengenezwa zaidi kidogo ya 130 tu, na bei yake imewashawishi wachongaji wengi. Kwa hizi usitegemee macho yako wala yangu. Cody Firearms Museum inatunza daftari za kiwanda na hutoa barua kwa namba: aina ya mtutu, kaliba, tarehe ya kuingia ghalani na ya kusafirishwa. Daftari hizo hazifiki kila mwaka. Za 1894, kwa mfano, zinaishia kabla ya namba 354,000. Agiza barua kabla ya kulipa. Muuzaji akikataa kukupa namba, rudi nyumbani na fedha zako.

Jambo la mwisho ni baruti. Bunduki ya 1873 ilijengwa kwa baruti nyeusi. Kaliba .44-40 iliyojazwa kwa nguvu kwa ajili ya 1892 huingia kwenye 1873 bila shida yoyote, na goti lake halikuundwa kuibeba. Marlin za 1893 nyingine zimeandikwa mtutuni kuwa ni za baruti nyeusi, nyingine kuwa ni chuma cha baruti isiyotoa moshi. Yasome maandishi hayo. Yakiwa yamefutika, ichukulie kuwa ya baruti nyeusi, na isifyatuliwe mpaka fundi aimiminie chemba aloi ya kupimia na kuzishika geji mkononi.